Tovuti Iliyopewa Pole

Sifa zilikuwa zikiingia moja baada ya nyingine, na kila simu ilipowaka Pambizo alizidi kukunja uso. Alikuwa ameiegemeza kwenye kopo la gundi, juu ya meza ya kupangia kurasa, ili aione bila kuacha kazi. Hongera sana. Kazi nzuri. Mungu azidi kukubariki, dada. Muonekano umetulia. Mmoja alituma viganja viwili vilivyoshikana, mwingine akatuma ua. Alizisoma zote mpaka ya mwisho, akarudi juu akazisoma upya, kama anayechagua mchele huku akijua kuna jiwe limo.

Aliomba asemwe, wao wakampa maua.

Na aliwaomba vizuri tu. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, aliweka kiungo cha tovuti kwenye kundi la simu na kuandika chini yake: “Hii hapa. Semeni kila kibaya mnachokiona. Rangi, herufi, picha, vitufe, mpangilio. Msinionee aibu, maana na mimi sitawaonea.” Sasa ilikuwa Jumatano. Kundi zima, watu ambao kwa ulimi walikuwa hawajapata kiboko yao, hakuna hata mmoja aliyeona kibaya. Wala hakuna aliyetuma kisa, na hilo ndilo lililomchoma. Tovuti ya vichekesho inayosifiwa na kila mtu na isiyoandikiwa na yeyote ni sawa na ukumbi uliopambwa ambao wageni wote wanaishia mlangoni, wanasema umependeza, wanaondoka.

Duka la uchapaji alilofanyia kazi lilikuwa kwenye mtaa wa nyuma ya hospitali. Mtaa wa namna hiyo upo katika kila mji wenye hospitali kubwa, na aliyekwisha kuupita mmoja ameipita yote: duka la dawa, duka la miwani, kibanda cha vocha, fundi wa majeneza, na katikati yao chumba chenye harufu ya wino na mashine zinazonguruma. Humo Pambizo alikuwa akipanga kurasa tangu hajaolewa. Kadi za harusi zilikuwepo, mitihani ya shule ilikuwepo, lakini kwa sababu ya yule jirani yao mkubwa, kazi iliyowaweka mjini ilikuwa vijitabu vya mazishi. Picha ya marehemu, wasifu, ratiba, shukrani za familia. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Alitaka picha isiyo na ukungu, tarehe sahihi, na pambizo, nafasi ya kutosha kandokando ya maneno. Aliwahi kumgombeza mjane mbele ya wakwe zake kwa sababu alitaka kubana shairi mpaka kwenye ukingo wa karatasi. Ndipo akaitwa Pambizo, na jina likamganda hata nyumbani.

Ulimi wake ulijulikana mtaa mzima. Kundi lenyewe lilizaliwa kwa ajili ya ulimi ule, kwenye saluni ya kinyozi wa mtaa wa pili, waliyesoma naye tangu darasa la kwanza. Kinyozi alikuwa amesimulia jinsi alivyomkimbia mteja mmoja msemaji kupita kiasi: alimwona kwa mbali, akashusha mlango wa bati na kujifungia ndani. Mteja akavuta benchi, akaketi nje kumngoja, halafu akaamua kumpigia simu. Simu ikalia ndani. Kinyozi alikaa gizani mpaka jua likapinda, mteja akimsimulia habari zake zote kupitia bati. Pambizo alimcheka mpaka akashika ukuta, kisha akamwambia habari hiyo haiwezi kuishia hapo. Wakaanzisha kundi, wakaliita Niliyataka.

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, kila mtu asimulie ujinga aliojitakia mwenyewe, siyo wa jirani. La pili, anayechekwa awepo. Ukitaka kumtania mtu, mtanie usoni pake, naye apate nafasi ya kukurudishia. Utani wa nyuma ya mgongo waliuita uchawi, na kuna mtu waliyemtoa kwenye kundi kwa kosa hilo hilo, akalia mtaa mzima kwamba ameonewa.

Kundi lilikua. Mwenye duka la miwani aliingia, akaingia mkaguzi wa shule aliyestaafu, akaingia wifi yake Pambizo, nesi wa wodi ya wazazi. Wakaja na watu wa miji mingine wasiofahamiana hata kwa sura. Visa vikawa vizuri kuliko vya redioni, lakini simu zilikufa, zikaibiwa, zikaanguka kwenye ndoo, na visa vikaenda nazo. Ndipo likaja wazo la tovuti: yeyote atume kisa, wasomaji wenyewe wakipigie kura, kilichopendwa zaidi kipande ukurasa wa mbele.

Wazo lilikaa miaka bila kufanyiwa kitu. Kilichomsukuma Pambizo kulifanya hakukisema kwa mtu. Mwaka uliopita mumewe, fundi wa majokofu, alianguka kazini na hakuamka. Watu walikuja, wakalia naye, wakapika, wakafagia, wakarudi makwao. Na tangu siku ile hakuna aliyemtania tena. Akiingia saluni, kicheko kinakatika, mtu anamwachia kiti, redio inapunguzwa. Akitupa utani kwenye kundi anajibiwa kwa alama ya moyo. Kinyozi, ambaye tangu utotoni alikuwa akimwita Bibi Kizee, alianza kumwita dada yangu. Hata wifi yake, aliyekuwa akimfokea kwa kuchemsha chai nyepesi, sasa alikuja kila wiki na kuongea naye kwa sauti ya wodini. Pambizo alizunguka katikati yao kama chombo cha kioo ambacho kila mtu anaogopa kitamponyoka yeye. Alichokitaka kilikuwa kimoja: achekwe tena. Alijiaminisha kwamba akiwatengenezea kitu, kikawa na kasoro zake, wakazishika kasoro hizo na kumsulubu nazo, kiti chake kingerudi.

Kwa hiyo aliitengeneza mwenyewe, jioni baada ya kazi, kwa mikono iliyokuwa na ujuzi wa miaka yote ile, na haikuonekana kasoro. Aliwatangazia kwamba mwezi ukiisha bila visa vipya ataifunga, kwa sababu hawezi kupigia deki nyumba isiyo na watu. Wakamjibu: usikate tamaa, dada.

Jumatano hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana, maoni ya kwanza ya mtu asiyemjua yakaingia. Yalikuwa chini ya kisa cha Kinyozi cha mlango wa bati, kimojawapo cha visa vichache vya zamani vilivyosalia, alivyoviweka yeye mwenyewe na picha za wenyewe kwa ajili ya kuzindulia. Yalisema: “Poleni sana familia. Inaonekana alikuwa mcheshi.” Pambizo aliruka kidogo pale alipokaa. Alidhani ni utani, tena wa kavu, wa mtu mwenye kipaji. Baada ya muda yakaja mengine: “Apumzike kwa amani. Ameacha pengo kwenye tasnia ya unyoaji.” Haya aliyasoma mara mbili. Aliyeandika alikuwa ameweka na jina lake kamili, na picha yake akiwa na tai.

Alimpigia Kinyozi. Kinyozi hakupokea. Akaandika kwamba ana mteja kwenye kiti. Pambizo akavua aproni yake ya wino, akamwambia mwenye duka kwamba anatoka kidogo, akashika njia mori umempanda.

Saluni ilikuwa chumba cha vioo viwili na kiti kimoja kinachozunguka. Kwenye kiti alikaa dereva wa lori ambaye Pambizo hakuwahi kumwona, shuka limemfunga shingoni, nusu ya kichwa imekwisha na nusu bado msitu. Kinyozi alipomwona mlangoni alipunguza redio kwa kiwiko. Tendo hilo peke yake lilitosha kumwongezea Pambizo moto. Alimuuliza kwa nini hajatuma kisa hata kimoja. Kinyozi akasema kazi zimembana. Akamuuliza ni nani hawa wanaomwombea apumzike kwa amani. Kinyozi akasema watu wa mtandaoni dada yangu unawajua, hawana dogo. Aliyasema yote hayo akiwa amekitazama kisogo cha dereva kwa bidii, kana kwamba kimeandikwa kitu.

Simu ya Kinyozi ilikuwa chini ya kioo, wazi, ikichajiwa. Ikatetemeka. Ujumbe ukatokea juu, kutoka kwenye kundi ambalo Pambizo hakuwa akilijua. Kundi liliitwa Wafiwa. Mkono mmoja wa Kinyozi ulikuwa na mashine na wa pili ulikuwa umeshika kichwa cha mtu. Kabla hajaamua aachie kipi, Pambizo alikwisha kuichukua simu.

Walikuwemo wote. Mwenye miwani alikuwa ameandika kwamba alipoifungua tovuti mkewe alichungulia begani, akauliza mazishi ni saa ngapi. Mkaguzi, mzee wa watu, alimtumia shemeji yake kiungo, na shemeji akamrudishia rambirambi. Mtu wa mji mwingine alisema kisa chake kimeshawashiwa mishumaa minne, na anaanza kujisikia vibaya. Wifi yake mwenyewe alisema ukurasa wa mbele umekamilika, kinachokosekana ni saa ya basi la kwenda makaburini. Na Kinyozi alieleza kwamba shangazi yake aliona picha yake huko, akapiga simu akilia, akaomba aongee naye ili ahakikishe ni yeye. Aliongea naye. Shangazi akasema sauti ni yenyewe, lakini hajaridhika.

Ulikuwa utani bora kuliko wote uliowahi kuandikwa na kundi lile tangu mumewe afe. Pambizo aliliona hilo, na kuliona kulimuuma kuliko matusi.

“Tangu lini?” aliuliza.

Kinyozi akazima mashine. “Jumapili.”

“Jumapili hiyo hiyo mliyoniambia muonekano umetulia.”

Kinyozi alijaribu kueleza, na maelezo yake yalikuwa yakiuma na kupuliza. Walipoifungua, kila mtu alishtuka. Lakini walidhani ameifanya vile makusudi. Alipobanwa makusudi gani, alishusha sauti mpaka ikawa kama ya mtu aliye kanisani.

“Kwa ajili ya shemeji. Tuliona ni msiba wako huo, umeumwaga pale. Sasa nani angekuambia toa?”

Pambizo hakumwelewa. Kweli kabisa, hakuelewa msiba umeingiaje kwenye rangi za tovuti. Dereva wa lori, ambaye mpaka hapo alikuwa ametulia kama samani, alitoa mkono chini ya shuka akaomba na yeye aione. Pambizo alimpa simu yake mwenyewe kwa hasira, kama anayempa hakimu kielelezo. Dereva aliitazama, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

“Mama, samahani, mimi si wa kundi lenu. Marehemu ni yupi hapa?”

“Hakuna marehemu. Ni tovuti ya vichekesho.”

“Sawa.” Akatazama tena, akionyesha heshima zote. “Na huyu kinyozi wetu hapa. Jina, mwaka wa kuzaliwa, halafu kistari. Hiki kistari kinasubiri nini?”

Kinyozi aligeukia ukutani, mabega yakawa yanaruka.

Pambizo alipokonya simu, na kwa mara ya kwanza akaitazama tovuti yake kama mtu aliyerudi safari akaikuta imebandikwa mlangoni. Fremu nyeusi kuzunguka ukurasa. Maua meupe kwenye pembe, aliyoyaweka ili pasikae patupu. Picha ya kila mwandishi kwenye duara la yai, ukingo wake umefifishwa kama moshi. Herufi za kulala, zote zimepangwa katikati. Kitufe cha kupigia kura kilikuwa na mwali mdogo, maana alitaka kusema kisa hiki ni moto, na mwali ule ulisimama wima juu ya kijiti cheupe. Na chini ya kila jina, mwaka na kistari. Hapakuwa na huzuni yoyote ndani yake. Ulikuwa mkono tu. Miaka yote mkono wake ulikuwa umeijua njia moja ya kufanya ukurasa upendeze, na ulipoambiwa nenda ukaifuata, hata kwenye sherehe.

Aibu ilimpanda kutoka kifuani, lakini hasira ilikuwa na miguu mirefu zaidi, ikafika kwanza.

“Kwa hiyo mlicheka.”

“Tulicheka.”

“Sana?”

“Sana, dada yangu.”

“Usiniite dada yangu.” Hakupandisha sauti, dereva baadaye aliwaambia watu kwamba angepandisha ingekuwa nafuu. “Nilikuomba maoni, ukanivika kilemba cha ukoka. Nani alikuomba huruma? Aliyekufa ni mume wangu. Mimi nipo, nakula, naumwa meno, nakosea kazi. Mnanipunguzia redio kama maiti inapita. Kila mtu kundini anachekwa usoni, hata Mkaguzi na uzee wake. Mimi tu ndiye mnayeniundia chumba cha pembeni. Unajua mtu anayechekwa akiwa hayupo anaitwaje? Mgeni. Mmenifanya mgeni kwenye kundi nililolianzisha mimi.”

Dereva alifungua shuka mwenyewe polepole, akasema atarudi wakimaliza mazungumzo, akatoka na nusu kichwa chake.

Pambizo aliandika pale pale, amesimama, kwenye kundi la Niliyataka. Alisema ameiona Wafiwa yote. Kila mmoja aliyeandika kitu mle akiweke kwenye tovuti kabla ya kesho jioni, kwa jina lake la kundi, bila kukipunguza makali, na yeye atakuwepo kujibu. Wasipofanya hivyo, anaifunga tovuti, anatoka kwenye kundi, na watabaki na msiba wao.

Mkaguzi aliandika aya tatu za kuomba radhi, ndani yake akautaja ujane mara mbili, kisha akajitoa. Mwenye miwani akashauri mambo haya yazungumzwe jazba ikishapoa. Pambizo akamjibu kwamba jazba yake haina feni.

Jioni ile aliibomoa tovuti. Hakuitengeneza, aliibomoa, kila kitu kwa zamu yake, akikisemesha. Fremu nyeusi iliondoka, herufi zikanyooshwa na kusukumwa pembeni kushoto, mshumaa ukang’olewa, kistari kikafutwa pamoja na miaka yake. Duara la yai lilimshinda kidogo, kwa sababu alilipenda, na alibishana nalo mpaka alipoona anabishana na umbo. Kilichobaki kilikuwa ukurasa mweupe wenye maneno meusi. Kwake kilionekana kama mtu aliyetolewa bafuni kabla hajavaa. Alikichukia, akakiacha hivyo hivyo.

Asubuhi mwenye miwani alikuwa wa kwanza. Aliweka kisa cha mkewe na saa ya mazishi, akiongeza kwamba mkewe alikwisha kupiga pasi nguo nyeusi. Pambizo akamjibu chini yake, mbele ya kila mtu, kwamba mke wake ana haki ya kuulizia mazishi kwa sababu ameolewa na maiti yenye miwani. Kinyozi akafuata na shangazi yake, akaunganisha na la jana: mteja ametoka na nusu kichwa na hajarudi, na sasa anaitangaza saluni mji mzima. Watu wa miji mingine wakashika moto. Ilipofika mchana visa vilikuwa vinaingia bila kuombwa, na wasomaji waliokuwa wakipita kimya wakaanza kutia neno.

Lakini Pambizo, akipanga kijitabu huku jicho moja likiwa kwenye simu, aliona jambo. Walicheka rangi zake, maua yake, kistari chake. Walipomkaribia mumewe walikunja kona, wote, kama watu wanaozunguka shimo barabarani. Hasira ilikuwa haijashuka hata kidole.

Kwenye benchi la wateja walikaa watu wa familia moja, mama na watoto wake wawili watu wazima, wakibishana kwa sauti ya chini juu ya picha ipi ya baba iende kwenye jalada. Ndipo kisa cha wifi yake kikaingia.

Kilikuwa kifupi. Kilisema: “Kaka yangu alichelewa kila mahali, kwa sababu hakuweza kulipita jokofu bovu. Siku ya harusi yake tulimngoja mpaka keki ikaanza kuinama. Alikuwa kwenye bucha, ameinamia friza ya watu na suti yake. Mtoto wa kwanza alizaliwa, akapewa jina na kuota meno, ndipo baba yake alipofika na bisibisi mkononi. Siku moja tu maishani alifika mahali kwa wakati, siku ya mazishi yake, kwa kuwa hakuachiwa aendeshe mwenyewe.”

Pambizo alisoma mpaka mwisho. Akampigia, na wifi yake alipopokea kwa ule mnong’ono wa wodini hakumsalimia.

“Umedanganya.”

Wifi alianza kujitetea. Alisema alijua amevuka mpaka, alisema aliandika kwa sababu Pambizo alitaka, alisema anafuta sasa hivi.

“Ukifuta sikujui. Nimesema umedanganya. Kaka yako hakuwahi. Tulisimama makaburini juani mpaka watu wakaanza kukaa juu ya makaburi ya wenyewe. Mwenye sala alitazama saa yake mpaka nikatamani nimvue. Na wewe ulikuwemo ndani ya gari lile, wifi, pamoja naye. Unajua kabisa alichelewa. Kwa nini umeandika aliwahi?”

Upande wa pili mtoto mchanga alilia mahali.

“Niliona nisikuumize,” wifi akasema.

“Mnaanza tena.”

“Uliambiwa nini siku ile?”

“Pancha. Niliambiwa gurudumu lilipata pancha kwenye mteremko.”

“Ilikuwa pancha kweli.” Wifi akavuta pumzi. Sauti yake ya wodini ilikuwa imeanza kumtoroka. Ilirudi ile ya zamani, ya kufokea chai. “Ila jeki ilikuwa chini yake, wifi.”

“Chini ya nani?”

“Chini ya kaka. Jeki ya lile gari inakaa chini ya pale jeneza linapolala. Dereva alikuwa hajui, akapekua gari zima. Tukamshusha. Tukambeba wanne, tukatafuta kivuli tumweke wakati wanabadilisha gurudumu. Tuliapa kwamba hutaambiwa.”

“Mlimweka wapi?”

“Pale pale barabarani. Palikuwa na banda tu.”

“Banda la nini?”

“La mtu anayeuza majokofu ya mitumba.”

Pambizo aliishika meza. Mwaka mzima walikuwa wamemficha hili. Wabebaji, dereva, na huyu mwanamke aliyekuwa akija kila wiki kunywa chai yake na kumuuliza kama amelala vizuri. Alitaka kumtukana mpaka asikike wodi ya pili, na alipofungua mdomo lililotoka lilikuwa jingine.

“Kwa hiyo alipitia kazini.”

Kwanza alisikia kitu kama kikohozi. Halafu kitu kilianguka, chombo cha bati, na wifi yake alikuwa akicheka wodini, anacheka kwa kwikwi, anajaribu kusema kwamba mwenye banda alitoka kuwauliza wameleta friza ya aina gani. Pambizo alimwambia anyamaze. Alimwambia ni mshenzi, na kaka yake alikuwa mshenzi, na ukoo mzima hauna hata mmoja anayefika mahali. Alikuwa amekasirika kweli, na wakati huo huo kicheko kilikuwa kimeanza kumpanda.

Kwenye benchi yule mama mfiwa alikuwa ameinua kichwa, picha ya mumewe mapajani. Mbele yake Pambizo hakuweza. Aliinamisha uso, akapita haraka na simu sikioni, akaingia chumba cha nyuma, akaufunga mlango kwa kisigino. Mahali pa kujificha hapakuwepo, zaidi ya ndani ya kelele. Akawasha mashine kubwa ya kuchapa, bila karatasi, ikanguruma tupu mpaka vioo vikatetemeka, naye akaegemea ubavuni mwake, akacheka huku akimtukana wifi yake kwa kila jina alilolijua.

Mwenye duka alisukuma mlango, akachungulia, akauliza kwa ishara mashine inachapa nini. Pambizo, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, alimwonyesha kwa mkono atoke.